Minofu ya samaki weupe wa bei nafuu: samaki hana kosa, kosa ni maji

#1 Mwanajiko

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mara nasoma humu watu wakiwasema vibaya samaki weupe wa bei ya chini. "Hawana ladha." "Ni maji matupu." "Ukigeuza tu wanasambaratika." Leo nimeamua kufungua uzi kabisa, kwa sababu samaki hawa wamenilishia familia miaka mingi, na naumia nikiona mtu kawapika ndivyo sivyo halafu lawama zote anambebesha samaki.

Nawazungumzia sato, pangasi, heki, poloki na wenzao wote wenye nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi, hasa wanaouzwa wakiwa minofu iliyogandishwa. Nyama yao karibu asilimia 80 ni maji. Protini inakaribia 20, na mafuta ni kidogo sana. Heki na poloki, kwa mfano, akiba yao ya mafuta wanaiweka kwenye ini. Ukilishika hilo tu, mapishi yao yanakuwa mepesi. Hakuna mafuta ndani ya nyama ya kukuokoa ukizidisha moto, na kuna maji mengi yanayosubiri nafasi ya kutoka.

Mimi nilijifunza kwa bahati. Nilikuwa na minofu miwili ya mfuko mmoja. Wa kwanza niliutoa, nikaunyunyizia chumvi na kuuweka kikaangoni hapohapo. Wa pili nilikuwa nimeshautia chumvi, mara mlango ukabishwa hodi, nikauacha kwenye sahani. Kabla sijatoka, ule wa kikaangoni ulikuwa umekaa kwenye dimbwi la maji meupe kama maziwa, umepauka, na nilipojaribu kuugeuza nusu ikabaki imeshika chini. Niliporudi kama dakika ishirini baadaye, ule wa kwenye sahani nao ulikuwa umetoa maji, lakini yalibaki kwenye sahani. Nikaufuta vizuri, nikasafisha kikaango, nikaukaanga. Ulitoka na rangi ya dhahabu ukingo hadi ukingo, na ndani pande za nyama zinaachana zenyewe, zinang'aa. Mfuko mmoja, siku moja, mpishi mmoja!

Sababu iko wazi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Maadamu uso wa samaki umelowa, uso huo hauwezi kuvuka hapo. Moto wako wote unaishia kukausha maji. Ile rangi ya kahawia na harufu inayoita watu mezani huanza kupatikana vizuri kuanzia nyuzi kama 140. Kwa hiyo samaki aliyelowa anachemka kwanza, na hadi maji yaishe na rangi ianze kuingia, ndani ameshakauka.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Samaki namyeyusha ndani ya friji usiku kucha, juu ya chujio lililowekwa kwenye bakuli ili asilale kwenye maji yake. Namtia chumvi pande zote, kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa kwa nusu kilo, namwacha dakika 15 hadi 20. Kisha namfuta kwa tishu za jikoni, na si kumgusagusa. Nabonyeza hadi tishu inatoka kavu. Nampaka unga mwembamba sana, wa ngano au wa mchele, nakung'uta unaozidi. Kikaango kinapata moto kwanza, halafu mafuta, na mafuta yakianza kumeremeta na kutembea kama maji ndipo samaki anaingia. Nambonyeza sekunde kumi hivi ili alale sawasawa, basi, simgusi tena. Akiiva upande wa chini anaachia mwenyewe. Ukiona anang'ang'ania, hajawa tayari. Mpe dakika nyingine.

Nageuza mara moja tu. Upande wa pili hauhitaji hata nusu ya muda wa upande wa kwanza.

Karibuni kwa maswali na mbinu zenu.

---

#2 Mama Wawili

Uzi umekuja wakati mwafaka. Asante kaka Mwanajiko.

Swali langu: hiyo ya usiku kucha mimi siiwezi. Narudi nimechoka, samaki ni jiwe, watoto wana njaa. Huwa namtia kwenye maji ya moto anayeyuka haraka. Kuna ubaya?

---

#3 Mwanajiko

Dada, upo, na nadhani ndio unaokuharibia samaki wako. Maji ya moto yanaanza kupika kingo huku katikati bado ni barafu. Protini za samaki ni laini kuliko za ng'ombe au kuku. Kwenye nyuzi 40 na kitu tayari zinaanza kubadilika. Ukimweka kikaangoni, kingo zinapikwa mara ya pili.

Mtie kwenye mfuko usiopitisha maji, funga vizuri, zamisha kwenye bakuli la maji baridi ya bomba. Badilisha maji yakishakuwa baridi kama barafu. Minofu ya kawaida inakuwa tayari ndani ya dakika 30 hadi 45. Na usimwache juu ya meza ya jikoni ayeyuke mwenyewe kwa saa nyingi. Nje kunapata joto la kuzalisha bakteria wakati ndani bado hajafunguka.

Ukichelewa kabisa, mpike akiwa bado ameganda, ila kwa mchuzi au kwa oveni. Kukaanga akiwa ameganda usijaribu.

---

#4 Fundi Baridi

Naunga mkono hoja. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya baridi muda mrefu, niongezee machache ambayo mnunuzi wa kawaida haambiwi.

Kwanza, na hili ni la usalama. Samaki aliyefungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa, mkimyeyusha kwenye friji FUNGUENI au toboeni mfuko kwanza. Kuna bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, anapenda mahali pasipo na hewa, na aina yake moja inayopatikana kwa samaki inaweza kukua hata kwenye baridi ya nyuzi 3 au 4. Sumu yake ni hatari sana. Kufungua mfuko ni kazi ya sekunde mbili.

Pili, maji mnayoyaona yanatoka mengine yanatokana na namna samaki alivyogandishwa. Akigandishwa haraka sana, barafu inayotokea ndani ya nyama ni ya chembe ndogondogo. Akigandishwa polepole, chembe zinakuwa kubwa na zinachana nyuzi za nyama. Siku ya kumyeyusha, maji hayana tena pa kushikilia. Ndiyo maana samaki mbichi uliyemtupia kwenye friza ya nyumbani, kifurushi kinene cha kilo mbili, anatoka amelegea kuliko yule wa kiwandani. Mkigandisha wenyewe, pangeni vipande kimojakimoja kwenye sinia, vikishakuwa vigumu ndipo mvitie mfukoni.

Tatu, heki na poloki wana jambo lao la peke yao. Wakikaa muda mrefu kwenye friza isiyo na baridi ya kutosha, vimeng'enya vilivyomo mwilini mwao vinatengeneza kidogo kemikali iitwayo fomaldehidi, na hiyo inakaza protini. Mtu anakula anasema "huyu samaki kama sponji, kama mpira". Mpishi hana hatia hapo. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, na msiwaweke mwaka mzima. Mkiona mabaka meupe makavu kama chaki juu ya nyama, baridi imeshamnyonya maji. Mahali hapo kateni mtupe.

---

#5 Zuhura wa Jikoni

Mimi tatizo langu ni SHOMBO. Naosha kwa limau, naosha tena, nasugua na chumvi, bado nyumba nzima inanuka. Mume wangu anajua nilichopika akiwa bado getini. Nisaidieni jamani.

---

#6 Kisu Kikali

> Zuhura wa Jikoni aliandika: Mimi tatizo langu ni SHOMBO.

Dada Zuhura, samaki wako ni wa baharini au wa maji baridi? Kuna harufu mbili hapa na watu wanazichanganya.

Wa baharini ana kitu mwilini kinachomsaidia kuishi kwenye maji ya chumvi. Akishakufa, bakteria wanakivunja kinakuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo yenyewe. Kwa hiyo shombo kali ina maana bakteria wamekuwa na muda wa kutosha. Limau au siki inasaidia kweli, kwa sababu asidi inaifunga trimethilamini isipae hewani. Lakini limau linafunika matokeo tu, halimrudishi samaki kuwa mbichi. Mbichi hasa ananukia bahari, hanuki shombo.

Wa maji baridi, kama sato na kambale, hiyo anayo kidogo sana. Tatizo lake ni harufu ya tope. Hiyo inatoka kwa vijidudu vya majini vinavyotengeneza kitu kinaitwa geosmini, ndicho hichohicho unachokisikia udongo ukinyeshewa. Samaki anakinyonya kutoka kwenye maji, na kinajikusanya zaidi kwenye ngozi na kwenye ule mstari wa nyama nyekundu iliyokolea katikati ya mnofu. Asidi inakivunja. Kwa hiyo sato mtoe ngozi, mkate ule mstari mwekundu, mpake limau au siki kidogo dakika kumi, mfute.

Maziwa pia yanafanya kazi kwa shombo ya baharini. Dakika 20 kwenye maziwa baridi, mwaga maziwa, futa samaki. Protini ya maziwa inashikana na ile harufu na kuondoka nayo.

Ila usimloweke kwenye limau saa nzima! Asidi inamgeuza nyama kuwa nyeupe na kavu kabla hajaona moto. Na mtu asije akadhani hapo ameiva. Minyoo na bakteria limau haliwaui.

---

#7 Kisu Kikali

Nimesahau jambo moja la sato ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote.

Chukueni mnofu wa sato muuweke juu ya kibao, muuangalie kwa ubavu. Upande mmoja ni mnene kama kidole gumba, upande wa pili mwembamba kama kidole cha mwisho. Katikati kuna mstari mwekundu. Mkiupika mzima, ule mwembamba unakauka mnaposubiri mnene uive. Hakuna moto wa kutatua hilo.

Pitisheni kisu upande wa kulia wa mstari, kisha upande wa kushoto. Mnatoa utepe mwekundu wote, na mara nyingi miiba midogo ya upande wa kichwani inaondoka nao. Mnabaki na vipande viwili, kinene na chembamba. Kinene kitangulie kikaangoni, dakika mbili baadaye chembamba kifuate. Vinaiva pamoja. Mimi tangu nianze hivi sijawahi kurudi nyuma.

---

#8 Mwanajiko

Mkuu Kisu Kikali, hiyo ya kugawa mnofu nilikuwa siijui, nilikuwa nakunja ule upande mwembamba chini yake. Yako ni bora. Kesho najaribu.

---

#9 Bi Mvuke

Wanangu, nimewasoma wote na nimefurahi. Lakini mbona wote mnakimbilia kikaango?

Samaki mweupe wa bei nafuu hakuumbiwa kukaangwa peke yake. Mwanajiko umesema mwenyewe ni maji asilimia 80. Basi mpike kwa njia inayoyaheshimu hayo maji, badala ya kupigana nayo. Mvuke. Karatasi. Mchuzi. Hapo huhitaji rangi, kwa hiyo huhitaji ule moto mkali, na hatari ya kumkausha inapungua.

Mimi nafanya hivi. Karatasi ya kuokea, kubwa. Chini nakata vitunguu vyembamba na nyanya, juu naweka mnofu uliotiwa chumvi na kufutwa, kipande cha siagi au mafuta kidogo, kitunguu saumu, pilipili manga, kijiko cha maji. Nakunja karatasi kingo zote hadi hewa haitoki. Oveni nyuzi 200, dakika 12 kwa mnofu wa kawaida, 15 kwa mnene. Karatasi ikishafura kama puto, muda umekaribia. Ukiifungua mezani, harufu inatoka mara moja usoni kwako, na mchuzi uko tayari chini. Hakuna chombo cha kusugua.

Asiye na oveni atumie sufuria yenye kifuniko. Pika kwanza sosi yako ya nyanya na vitunguu mpaka iwe nzito na tamu, maana samaki hatakupa muda wa kuipika akishaingia. Punguza moto mpaka sosi inatikisika tu bila kutokota. Laza minofu juu, funika. Dakika sita au saba, zima jiko, acha imefunikwa dakika mbili nyingine. Usikoroge! Ukitaka sosi imfikie samaki, tikisa sufuria.

---

#10 Mwanajiko

Shikamoo Bi Mvuke. Nakubali, na nakubali kwa moyo wote. Nilianza na kikaango kwa kuwa ndiko watu wengi wanakoharibia, lakini kwa heki na poloki, hasa waliokaa sana kwenye friza, sosi yako ndiyo inayowafaa zaidi.

Sehemu moja tu sitaki kuiachia: chumvi ya mapema. Hata kwa karatasi, hata kwa mchuzi. Chumvi ikikaa dakika 15 inaingia kidogo ndani na inasaidia protini kushikilia maji yake wakati wa kupikwa. Nyama inakuwa imara zaidi na haivunjiki ovyo. Mwenye minofu minene anaweza kuiloweka badala yake: gramu 50 za chumvi kwenye lita moja ya maji baridi, dakika 15, kisha kuifuta.

---

#11 Bi Mvuke

Marahaba mwanangu. Hilo la chumvi hatugombani.

---

#12 Seremala Mpishi

Nina maswali mawili. Moja, nitajuaje ameiva bila kipimajoto? Nimesikia kuna kanuni ya dakika kumi kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Mbili, jiko langu la umeme ni dhaifu, kikaango hakipati moto wa kutosha. Nifanyeje?

---

#13 Mwanajiko

Mkuu Seremala, hiyo inaitwa kanuni ya Kanada. Pima sehemu nene kuliko zote, dakika 10 kwa kila sentimita 2.5, oveni ikiwa na nyuzi kama 230. Inafaa kama makadirio ya mwanzo. Mimi kwa samaki asiye na mafuta naanza kumchungulia dakika ya saba, kwa sababu kwake dakika mbili ni nyingi.

Nyama ya samaki inashikiliwa na kolajeni kidogo na dhaifu sana ukilinganisha na ya wanyama wa nchi kavu. Kwenye nyuzi 50 na kidogo inaanza kuyeyuka, ndipo zile pande zinaanza kuachana. Kati ya 55 na 60 ndipo ananoga. Ukivuka 65 unaona maji yanatoka na nyama inageuka pamba. Mamlaka za chakula za Marekani zinasema 63, na kwa mtoto mdogo, mjamzito au mgonjwa mimi nafuata hiyo bila mjadala.

Bila kipimajoto, tumia kisu chembamba. Kiingize katikati ya sehemu nene, hesabu hadi tano, kitoe, kigusishe taratibu kwenye mdomo wa chini. Kikiwa baridi, bado. Kikiwa vuguvugu, amekaribia. Kikiwa cha moto, mtoe sasa hivi. Pia angalia kwa macho: nyama mbichi inapitisha mwanga kama kioo chenye ukungu, iliyoiva ni nyeupe kote. Mimi namtoa ikiwa imebaki alama nyembamba sana ya ule ukioo katikati, kwa sababu joto la nje linaendelea kuingia ndani akiwa kwenye sahani.

Kuhusu jiko dhaifu: tumia kikaango kizito hata kama ni kidogo, kipe dakika tano nzima kabla ya mafuta, na pika kipande kimoja au viwili tu. Ukijaza, moto unashuka, maji yanatoka, unarudi kulekule kwenye dimbwi. Unga mwembamba ni lazima kwako, kwa sababu unanyonya unyevu wa mwisho na unapata rangi haraka kuliko samaki mwenyewe. Ikishindikana, mfuate Bi Mvuke.

---

#14 Mama Wawili

Nimerudi na majibu, na nina huzuni kidogo.

Nilifuata kila kitu. Maji baridi, chumvi dakika 20, nikafuta mpaka tishu zikaisha. Kikaangoni dakika moja ya kwanza mambo yalikuwa mazuri, halafu yale maji meupe yakaanza kutoka TENA, mengi, yenye povu. Nyama ikawa inateleza kama jeli, inarudi ukiibonyeza. Nilinunua minofu ya pangasi kwenye duka kubwa, mfuko una picha nzuri kabisa. Nimekosea wapi?

---

#15 Fundi Baridi

Pole dada. Hukukosea popote. Nenda kachukue ule mfuko kwenye pipa, soma maandishi madogo ya viambato. Naomba utuandikie hapa.

---

#16 Mama Wawili

Nimeutoa. Umeandikwa: minofu ya pangasi, maji, chumvi, E451, E452. Halafu mbele "uzito kilo 1", chini kwa herufi ndogo sana "uzito bila barafu gramu 800".

---

#17 Fundi Baridi

Hapo hapo. E450, E451 na E452 ni jamii ya fosfeti. Kiasi kidogo kinaruhusiwa, na kazi yake halali ni kuzuia samaki asipoteze maji yake akiyeyushwa. Lakini inaweza pia kutumika kumfanya samaki anyonye maji ya ziada, na wewe ukayalipia kama nyama. Ukiona neno "maji" liko la pili kwenye viambato, ujue ndivyo. Hayo maji chumvi yako haiwezi kuyatoa yote, kwa kuwa fosfeti imeyafungia ndani ya nyama, na yanaachiliwa kwenye moto. Ile nyama inayoteleza na kurudi kama jeli ndiyo alama yake.

Koti la barafu lenyewe ni kitu kingine na si baya. Linamkinga samaki asikaushwe na baridi. Ubaya ni pale linapokuwa nene hadi robo ya mfuko. Wewe gawa pesa uliyotoa kwa uzito bila barafu, ndipo ulinganishe na mfuko mwingine. Mara nyingi utakuta ule ulioonekana ghali ndio rahisi.

Tafuta mfuko ambao viambato vyake ni neno moja: samaki. Wapo, na wapo wa bei ya chini.

---

#18 Bi Mvuke

Mama Wawili, na uliobaki usiutupe mwanangu. Huo ni wa mchuzi mzito. Minofu ikatekate vipande vikubwa, ipitishe kwenye maji yanayotikisika dakika mbili, itoe ichuje. Maji ya ziada yatabaki humo. Kisha itie kwenye sosi yako ya nyanya iliyokwisha iva. Punguza chumvi ya sosi, kwa sababu samaki wa aina hiyo huwa ameshatiwa chumvi.

---

#19 Kisu Kikali

Au tengeneza kababu. Na hapa nataka kusema kitu kuhusu kababu za samaki, kwa sababu watu wanazijaza viazi na mayai mpaka samaki hasikiki.

Samaki mweupe mbichi ukimsaga au kumkatakata laini sana akiwa baridi, ukamtia chumvi gramu 8 kwa nusu kilo na kumkanda dakika tatu nne, anageuka kuwa unga mzito unaonata mkononi. Chumvi inaitoa protini moja iitwayo miosini, na hiyo ndiyo gundi. Viwandani poloki anafanyiwa hivyohivyo kutengeneza vile vijiti vya "kaa" na mipira ya samaki. Nyumbani huhitaji yai wala mkate. Tia kitunguu kilichokatwa na KUKAMULIWA, dania, pilipili, maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Finyanga, weka friji nusu saa, kaanga kwa mafuta machache. Siku yoyote mnofu ukikuvunjikia, jua umepata kababu.

Ukitumia wa fosfeti, mkamue kwanza kwenye kitambaa safi kabla ya kumsaga.

---

#20 Zuhura wa Jikoni

Nilikuwa na heki wa baharini. Nimefanya ya maziwa jana. Mume wangu alifika mpaka sebuleni akauliza leo tunakula nini. Kisu Kikali, Mungu akubariki.

Swali dogo: nina watoto wadogo, naogopa miiba. Mnaitoaje?

---

#21 Kisu Kikali

Amina dada.

Laza mnofu juu ya bakuli lililopinduliwa, ngozi au upande wa ngozi chini. Ukipindika hivyo, miiba inachomoza yenyewe. Pitisha kidole taratibu kutoka mkiani kwenda kichwani, kisha urudi. Utaisikia inakugusa kwenye mstari wa katikati, sehemu ya mbele. Ivute kwa kibano kufuata upande inakoelekea, usiivute kwa kuisimamisha, utachana nyama. Kwa watoto wadogo mimi bado naichambua nyama kwa vidole baada ya kuiva, kipande kwa kipande. Vidole vinaona kuliko macho.

---

#22 Seremala Mpishi

Jamani, na wanaonunua samaki mzima? Vichwa na mifupa mnavifanyia nini? Naona uchungu kutupa.

---

#23 Mwanajiko

Usitupe kabisa mkuu, hapo ndipo unafuu wenyewe ulipo. Ondoa mashavu yale mekundu ya kupumulia, yote, yanaleta uchungu. Osha damu iliyoshika kwenye uti wa mgongo, loweka mifupa kwenye maji baridi nusu saa, mwaga. Tia maji mapya yaifunike tu, kitunguu, jani la bay, punje chache za pilipili manga. Yakishaanza kuchemka punguza moto, engua povu, hesabu dakika 20 hadi 30, chuja. Usiache masaa kama mifupa ya ng'ombe. Ya samaki ikizidi inageuka chungu na mchuzi unachafuka. Usitie chumvi hadi siku ya kuutumia. Mimi nagandisha kwenye vikombe, na ile sosi ya Bi Mvuke naipikia kwa huo badala ya maji.

---

#24 Mama Wawili

Nimepata mfuko mwingine. Viambato: heki. Basi.

Nimefuta, nimepaka unga wa mchele, nikamwacha aachie mwenyewe kama ulivyosema. Nilisimama pale na kijiko bapa mkononi najizuia kumgusa, dakika tatu zikawa ndefu. Kisha nikatikisa kikaango, akateleza mzima. Nilipogeuza, chini alikuwa wa dhahabu na nilisikia kijiko kikikwaruza ule ukoko. Mkubwa wangu aliongeza mara mbili, na huyu ndiye aliyekuwa anaficha samaki chini ya mboga.

Vimebaki vipande viwili. Kesho nitavipasha vipi visikauke?

---

#25 Mwanajiko

Nimefurahi sana dada, kweli kabisa.

Usivipashe moto mkali, vitakuwa mbao. Weka friji leo ndani ya chombo kilichofunikwa. Kesho chambua nyama, pasha sosi au wali mpaka uwe wa moto sana, zima jiko, ndipo uchanganye samaki na ufunike mpaka naye apate moto wote. Vitumie ndani ya siku tatu.